Papa Shofere na Dereva Anayeshuka

Katika mbio za magari za saa ishirini na nne, gari moja huendeshwa na madereva wawili au watatu kwa zamu. Linapoingia kujazwa mafuta, dereva mmoja hushuka, mwenzake huingia, na watazamaji wote hulisindikiza gari kwa macho linapochomoka tena kwa kishindo. Papa Shofere hakulisindikiza. Alibaki akimtazama aliyeshuka: anavyovua helmeti, anavyotafuta pa kuketi, anavyopewa chupa ya maji na kuishika bila kunywa. Kamera ilipomwacha mtu huyo ili ilifuate gari, Papa Shofere aliikasirikia kamera.

“Bon, sasa yeye anaenda wapi?” aliuliza, akigonga kioo cha televisheni kwa ukucha. “Banatuonyesha motokari, motokari, motokari. Mutu je?”

Kwa muda mrefu niliichukulia kuwa tabia ya uzee tu. Niliishi ghorofa ya juu yake katika nyumba za kupanga za Newburg, hapa Louisville, mpaka alipohamia Buffalo, ambako amezikwa. Jina lake alilopewa na wazazi halikutumika. Hata mchungaji, akimwita madhabahuni kusali, alisema Papa Shofere, na watoto waliozaliwa hapa waliamini kwamba hilo ndilo jina lililoandikwa kwenye kitambulisho chake. Shofere, kwetu, ni dereva. Naye aliniita madamu, kwa sababu nilikuwa mwalimu Uvira kabla sijawa mkalimani wa hospitali, na huko mwalimu wa kike huitwa hivyo hata akikutwa sokoni ananunua dagaa.

Jambo la kwanza ambalo mgeni aliligundua juu ya Papa Shofere ni kwamba Shofere huyo hakuendesha gari. Alikwenda kufagia kiwanda cha maboksi kwa basi la asubuhi, akarudi kwa basi la jioni. Vijana walimtania kwamba ameshindwa mtihani wa leseni. Ukweli ni kwamba hakuwahi kuuomba. “Nilishaendesha,” alisema, kama mtu anayekataa sahani ya pili ya chakula. Akipewa lifti, alikaa kiti cha nyuma. Kiti cha mbele kikiwa wazi, bado alikaa nyuma, na ukimsihi sana aliteremka na kusema afadhali atembee.

Ndani ya nyumba yake, hata hivyo, palikuwa na magari ukuta mzima. Hayakuwa ya sasa, ambayo aliyaona kama vifaa vya jikoni. Yalikuwa magari ya mbio ndefu ya zamani: marefu, ya chini, yenye pua iliyolala na taa zilizozibwa kwa utepe ili mawe yasizipasue. Katikati ya picha hizo palikuwa na karatasi moja ya kalenda iliyotoka katika gereji ya Bukavu alikojifunzia ufundi wa lori akiwa kijana, kalenda ambayo mwenye gereji, mgeni aliyezipenda mbio hizo, aliitundika juu ya benchi la kazi. Ilionyesha gari la kijani limejaa matope, na madereva wawili wameliegemea. Mmoja wao, Mmarekani, alikuwa ameinua kidole kimoja hewani. Papa Shofere alimwita “muzee wangu” tangu siku ambazo yule hakuwa mzee hata kidogo.

“Muzee wangu alikuwa anakula kona,” alisema. “Hakuwa anazipita. Anazikula.”

Sitaki msomaji amdhanie kuwa bingwa wa elimu ya magari. Mengi aliyoyasema hayakuwa kweli. Alishikilia kwamba rangi ya gari lile la kijani ilichanganywa na mafuta ya samaki ili upepo uteleze. Alishikilia pia kwamba madereva wa zamani walikatazwa kuoa kabla ya mbio, na hakuna aliyemwelewa, wala yeye mwenyewe hakuweza kueleza ni kabla ya mbio kwa muda gani. Mapenzi yake hayakuhitaji kuwa sahihi. Alipenda gari lililobaki na uchafu wake: wadudu waliokauka kwenye kioo, utepe uliobandikwa kwa haraka, alama ya teke la fundi aliyekosa subira. Gari lililooshwa lilimchukiza. “Ukiiosha, umeinyamazisha,” alisema.

Na mbio fupi alizidharau. “Ile ya saa mbili ni ya batoto. Mutu anakimbia, anamaliza, anapewa kombe, anarudia kwa mama yake. Ile ndefu iko ingine. Ile ndefu lazima umuachie mwenzako.”

Siku za Jumamosi, msimu wa joto, wazee wa Kimarekani walileta magari yao ya kale kwenye uwanja wa kuegesha mbele ya maduka ya Highview. Walifungua maboneti, wakakunjua viti, wakakaa kusubiri mtu wa kuwauliza. Papa Shofere alipita katikati yao mikono nyuma, amevaa koti hata kwenye jua, akilipapasa kila paa kidogo kama mtu anayewagusa watoto vichwa. Rafiki yake mkubwa hapo alikuwa fundi bomba mstaafu, mwenye gari dogo jekundu lililowahi kushindana na kushindwa. Hawakuwa na lugha ya pamoja. Walizungumza kwa milio. Mmoja alinguruma, akapandisha sauti, akakata. Mwenzake alitikisa kichwa, akanguruma vingine. Wapita njia walisimama na kucheka.

“Mnaelewana kweli?” nilimwuliza siku moja.

“Muzuri kabisa. Yeye anasema mashini yake ilikuwa inafika pale juu.” Alinguruma. “Miye namwambia anadanganya.”

Kisha palikuwa na suala la neno pole. Sisi ni watu wa pole. Mtu akijikwaa, pole. Akitoka kazini, pole. Akifiwa, pole ndilo neno la kwanza mlangoni. Papa Shofere alilitoa kwa kila mtu, hata kwa mashine ya kufulia ilipoharibika. Alipopewa, hakulijibu. Hakusema asante, hakusema nimeshapoa. Aligeuza uso pembeni, kama anayemtafuta mtu mwingine ambaye huenda ndiye aliyeambiwa. Kina mama wa kwaya walisema ana kiburi. Mimi nilisema ana huzuni, na nilijiona nimemwelewa kuliko wao.

Huzuni yenyewe ilijulikana na wote. Zamani, kwenye barabara ya Bukavu kwenda Uvira, katika mteremko wa Ngomo, lori lao lilipinduka mchana. Lilikuwa limepakia makreti ya bia. Mwenzake, aliyekuwa kwenye usukani, alifariki papo hapo. Yeye, aliyekuwa kiti cha abiria, alivunjika mkono. Watu walisema yule mwenzake alikuwa amekunywa. Mwili wake ulikutwa ukinuka pombe, walisema, na habari hiyo ilivuka ziwa, ikaingia kambi ya wakimbizi, ikapanda ndege pamoja nasi. Katika kanisa letu la Louisville niliwahi kuisikia ikihubiriwa: dereva mmoja, hatutaji jina, alionja mzigo wa tajiri wake, akaacha mke mjamzito. Papa Shofere alikuwa ameketi safu ya pili. Mchungaji alipomaliza, watu walimgeukia kwa huruma, wakampa pole, naye akageuza uso.

Hayo yote yangebaki kuwa tabia na visa tu, na picha hii ingekuwa ya kuchekesha zaidi, kama fundi bomba asingemwonyesha tangazo lenye sura ya muzee wake: atakuwa Columbus. Ilikuwa katikati ya muongo uliopita. Palikuwa na maonyesho ya magari ya kale ya mbio ndefu, na gari la kijani lingekuwapo, na dereva mwenyewe, mzee sasa, angeketi mezani kutia saini picha za mashabiki. Papa Shofere alinijia na koti lake tayari mwilini, ingawa siku yenyewe ilikuwa bado mbali.

“Madamu, nitamuambia kitu. Donc, utanisemea.”

Kanisa lilikuwa na vani, na mchungaji alikubali kuitoa ikiwa itajaa. Kwa hiyo nilitangaza ibadani kwamba tunakwenda Columbus kuwaona wakongwe wa mbio za uvumilivu. Nilidhani nimepata tafsiri nzuri. Sikukumbuka kwamba katika masikio ya kanisa hakuna mbio za uvumilivu isipokuwa zile za kwenda mbinguni, na kwamba wakongwe wake ni watumishi waliosimama imara katika imani. Siku ya safari kina mama wa kwaya walijitokeza na sare zao za kitenge, ngoma mbili na Biblia. Nilikosa ujasiri wa kuwaeleza. Niliwaza kwamba labda watalala njiani na kuamka wakiwa wameshafika, na ndivyo ilivyokuwa.

“Madamu,” aliniuliza kiongozi wa kwaya, akiwa amesimama katikati ya ukumbi mkubwa uliojaa magari yanayong’aa na wanaume wenye kofia. “Mahubiri yanaanza saa ngapi?”

“Mama, mbio zenyewe ndizo hizi.”

Alilitazama gari lililokuwa mbele yake, akanitazama mimi. “Na nabii?”

“Ni yule pale, anatia saini.”

Alicheka mpaka akashika ngoma ya mwenzake asianguke. “Basi tuyaombee,” alisema. “Tumekwisha fika.” Na kweli wakaliwekea mikono gari moja la njano, wakaimba ubeti mmoja, na Wamarekani wakawapiga picha wakidhani ni sehemu ya maonyesho.

Papa Shofere hakuona lolote kati ya hayo. Alikuwa amelipata gari la kijani. Hawakuliosha; matope yalikuwa yamehifadhiwa juu yake kama yalivyokauka. Hakuligusa. Alisimama mbali nalo, mikono nyuma, kisha akaniambia twende kwenye foleni.

Foleni ilikuwa ndefu, na ilinipa nafasi ya kuwatazama mashabiki. Walikuwa watu wazima walioshika picha kwa vidole viwili ili zisichafuke. Mmoja alisimulia mbio nzima, kona kwa kona, na yule mzee aliitikia kwa adabu kama anayesikiliza safari ya mtu mwingine. Walimwuliza juu ya gia, matairi, mafuta, juu ya saa ya mwisho ya ushindi fulani. Waliitazama mikono yake iliyokuwa mezani, mikono yenye madoa ya uzee, kwa upendo ambao sikuwahi kuuona mtu akipewa kwa ajili ya mikono. Niliwaonea huruma kidogo, kisha nikaona haya, kwa kuwa mimi sijawahi kumpenda mtu nisiyemjua kwa uaminifu kama ule.

Zamu yetu ilipofika, Papa Shofere alivua kofia. Hakutoa picha yoyote. Aliinama, akaushika mkono wa yule mzee kwa mikono yake miwili.

“Pole, muzee,” alisema. “Pole sana.”

Uso wa mzee ukafunguka. “Pole!” alisema kwa nguvu, akiwageukia waliokuwa nyuma. “Huyu bwana anajua!” Akainua kidole kimoja hewani, vilevile kama kwenye kalenda, na watu wakapiga makofi. Katika Kiingereza cha mbio za magari neno hilo, kwa herufi zilezile na matamshi yanayokaribiana, ni nafasi ya kwanza ya kuanzia, nayo hupewa gari lililokuwa na kasi kuliko yote kwenye majaribio. Aliipata nafasi hiyo mwaka ule wa gari la kijani, alisema, kwenye mvua, na hakuna aliyetegemea.

Papa Shofere alinigeukia. “Anafurahia nini?”

Ningeweza kuyaacha yapite. Foleni ilikuwa inasukuma, na watu wote wawili walikuwa wameshikana mikono. Lakini niliinama, nikamweleza yule mzee kwamba kwa lugha yetu pole ni neno la kumpa mtu aliyefiwa.

“Nimefiwa na nani?”

“Mwenzako,” nilisema. “Aliyepokea gari kutoka kwako.”

Papa Shofere alikuwa ameipata habari hiyo katika filamu fupi ya Kifaransa, lugha aliyoisikia vizuri: miaka michache baada ya kalenda ile, wawili hao wakiwa bado pamoja lakini katika gari jingine, mmoja alimwachia mwenzake usukani wakati wa mvua, na huyo mwenzake hakurudi. Mzee aliiweka kalamu yake mezani. Kidole kilikuwa kimeshashuka.

“Hakuna mtu kwenye foleni hii anayeniuliza juu yake,” alisema. “Wananiuliza juu ya injini.”

“Muulize,” alisema Papa Shofere, “kama alijua mwenzake amechoka.”

Niliuliza. Mzee alijibu polepole, akimtazama Papa Shofere na si mimi. “Nilimwuliza kama amepata usingizi. Akasema ndiyo. Sikumtazama usoni. Nilikuwa nimeshaanza kufungua mikanda.”

“Muulize kama alienda kwa muke wa mwenzake.”

Hapo aliondoa macho. “Nilipeleka maua,” alisema. “Nilikusudia kwenda. Kisha palikuwa na mbio nyingine, na nyingine. Mke huyo naye alifariki zamani. Sikwenda.”

Nilitafsiri neno kwa neno. Nimejiuliza mara nyingi kama ningepunguza makali, na sijui ningeyapunguzia wapi. Mzee hakuuachia mkono wa Papa Shofere, mpaka kijana wa maonyesho alipoomba foleni isogee.

Tulisimama njiani kurudi, kwenye bustani ya kupumzikia wasafiri. Kina mama walitandaza mandazi na kuku wa baridi juu ya meza ya mbao. Papa Shofere aliuliza Buffalo ni mbali kiasi gani.

“Ee! Papa Shofere ameona mchumba Buffalo!” alisema kiongozi wa kwaya. “Njo maana ya koti!”

Wengine wakashangilia. Alitabasamu kwa adabu, akaniita kando, karibu na mti usio na kivuli.

“Madamu, ile ajali yetu. Bantu banasema nini?”

“Wanasema mwenzako alikuwa amekunywa.”

“Hakukunywa. Alikuwa mulokole kunipita miye. Chupa zilipasuka, bia ikatumwangikia sisi wote wawili. Harufu ilisema mbele yangu, nami nikaiacha iseme.” Alikunja kofia. “Ilikuwa turu yangu.”

Turu, katika Kiswahili cha kwetu, ni zamu. Tumelitoa kwenye Kifaransa, na ndilo neno ambalo watangazaji wa Kifaransa hulitumia kuhesabu mizunguko ya uwanja. Alilisikia maelfu ya mara kwenye televisheni ile.

Walikuwa na utaratibu, alisema. Mwenzake alipandisha, yeye aliteremsha, kwa sababu yeye ndiye aliyeijua Ngomo. Lakini siku hiyo mbio za saa ishirini na nne zilikuwa zinakwisha, na redio ya Ulaya ilikuwa inatoa habari zake mchana huohuo. Walipofika juu, sauti ilikuwa inapatikana tu akiishika antena nje ya dirisha. Alimwomba mwenzake aendelee kidogo. Mwenzake alikuwa ameendesha tangu alfajiri, macho yake mekundu kwa vumbi. Alicheka. Alisema: “Haya, sikiliza mbio zako. Nitateremka nayo.”

“Na bado unazitazama,” nilisema. Nilitaka kuuliza, ikatoka kama lawama.

“Nikiziacha, donc, itakuwa nilimubadilisha na kitu ya bure.”

Mjane wa mwenzake alikuwa Buffalo. Alifika Marekani mapema kuliko wengi wetu, na mtoto wa miaka minne ambaye hakumwona baba yake. Papa Shofere alisema atakwenda kumwambia. Nilimshauri asiende. Nilitoa sababu nzuri: miaka imepita, mama huyo ameshatulia, kidonda kikavu hakikwaruzwi. Nilisema ninafikiria amani yake. Kwa kweli nilifikiria yangu, kwa kuwa nilijua kwamba nimeshapewa jambo ambalo sitaweza kulirudisha, na kwamba siku nyingine mahubiri yale yakihubiriwa nitakuwa nimeketi pale nikijua.

Yalihubiriwa tena. Niliketi. Sikusema kitu, naye hakuniomba niseme.

Baada ya hapo alihamia Buffalo, kwa mpwa wake aliyekuwa na chumba. Nilidhani ameshamaliza jambo lake huko. Kumbe alipita mbele ya mlango wa mjane kila juma na kurudi. Kwa desturi yetu mtu haendi peke yake kukiri neno la msiba; huenda na msemaji, anayefungua mazungumzo kwa niaba yake. Alinipigia simu majira ya kuchipua majani, theluji ikiwa bado imerundikana kando ya barabara za huko. “Madamu, njoo unifungulie mudomo,” alisema. Safari hii sikumshauri lolote.

Mjane alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyefanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani. Alitukaribisha kama ndugu.

“Shemeji, umekonda. Mupwa wako hapikake?”

“Anapikaka pizza.”

“Ile si kupika.”

Alitupa bugali na sombe, yaani kisamvu, na tulikula yote, kwa sababu hakuna aliyetaka chakula kiishe. Vyombo vilipoondolewa nilianza wajibu wangu. “Mama,” nilisema, “tumekuja na neno.” Papa Shofere aliinua kiganja kunizuia. Akalisema mwenyewe, kwa sentensi chache, bila zile donc na bon zake za Kifaransa: redio, antena, turu, bia iliyopasuka, na kimya chake cha miaka yote.

Mjane hakulia. “Hakukunywa?” aliuliza.

“Hata tone.”

Alikaa akikisugua kitambaa cha meza kwa kidole gumba. “Shemeji, unajua pole ya muke wa mulevi iko namna gani? Banakupatia, huku banaangaliana. Kwa kambi, kwa kanisa, hata hapa. Nilikuwa nasema asante.”

“Pole, shem—”

“Acha. Miye usinipe.” Alitazama saa ya ukutani. “Mutoto anatoka masomo. Utamuambia yeye.”

“Sijui Kizungu.”

“Madamu si huyu? Mutoto anasikia Kiswahili ya jikoni tu.”

Binti aliingia na funguo za gari mkononi na vitabu kwapani, kutoka chuo kikuu kilichoko Amherst, nje kidogo ya mji. Alitusalimu kwa Kiswahili, jambo papa, jambo mama, akamwuliza mama yake kitu kwa Kiingereza, na mama akamwonyesha kiti. Yeye mwenyewe alikwenda kusimama mlangoni mwa jikoni.

Papa Shofere alianza upya. Katika kazi yangu mkalimani hasemi “anasema kwamba”. Anapotafsiri, husema “mimi”, ili msikilizaji amsikie mwenye neno. Nimefanya hivyo kwa miaka. Nimesema nina maumivu ya kifua, nina mimba, sitaki kukatwa mguu, na maneno hayo hayakuwahi kukaa mwilini mwangu zaidi ya mlango wa hospitali. Siku ile nilimwambia binti yule, kwa Kiingereza, kwa sauti yangu: ilikuwa zamu yangu. Nilitaka kusikiliza mbio. Baba yako alikuwa amechoka, nami nililijua hilo. Hakuwa amelewa. Nilijua pia kwamba hakuwa amelewa, na niliwaacha watu waseme.

Alinitazama mimi muda wote. Nilipomaliza, bado alinitazama mimi.

“Kwa hiyo ulikuwa unasikiliza redio,” alisema.

Nikamgeukia Papa Shofere, nikamwambia: “Kwa hiyo ulikuwa unasikiliza redio.” Akasema ndiyo. Nikamgeukia binti, nikasema ndiyo.

“Nani alishinda?”

Sikuwa nimelitegemea swali hilo. Nililipeleka lilivyo. Papa Shofere angeweza kukutajia, kwa kweli na kwa uongo, washindi wa mbio zote alizowahi kuzisikia.

“Siyui,” alisema. “Ule mwaka sijawahi kuuliza.”

Nililitafsiri. Binti alikuwa na simu mkononi, na jibu lilikuwa karibu mno. Aliilaza mezani, uso chini. Sasa ndipo alipomtazama Papa Shofere.

“Alikuwa dereva mzuri?” aliuliza kwa Kiswahili chake cha jikoni, na swali hilo Papa Shofere hakusubiri nilifikishe.

“Alikuwa ananishinda,” alisema. “Ngomo nilikuwa ninaijua, lakini ningemuachia yeye kila siku, sababu alikuwa ananishinda. Alikuwa anaweka gia mbele ya kona, si ndani ya kona. Alikuwa anaongea na lori. Mukono moja, hivi...” Akainua mkono wake uliowahi kuvunjika, akauweka hewani juu ya meza, akaanza kuuzungusha polepole kama ulioshika usukani.

Niliendelea kutafsiri. Mama, mlangoni, alivuta kiti, akaja akaketi nasi.